Mkutubi Aingie Darasa la Kompyuta

Nawasikia wenzangu waandishi wa programu, kuanzia katikati ya jiji hadi maofisi ya Westlands: maktaba ya nini siku hizi? Ukikwama si unauliza mtandao? Jamani! Kuuliza kila mtu anajua. Kazi ni kupima jibu.

Chukueni kisa hiki. Mtafiti wa usalama Bar Lanyado aligundua kwamba mifumo ya akili bandia ilikuwa ikiwaelekeza watu wasakinishe kifurushi cha Python kiitwacho huggingface-cli. Hakikuwepo! Yeye akakiunda, kitupu kabisa, akakipandisha PyPI. Mwaka 2024 akaeleza kilichofuata: kwa miezi mitatu kilipakuliwa zaidi ya mara 30,000. Lanyado hakuwa na nia mbaya. Mwizi angeweka nini humo? Na huyo aliyepakua huenda ndiye anayeandika programu ya chama cha akiba cha kina mama mboga wa Kangemi...

Sasa tazama maswali ambayo mkutubi huuliza kuhusu makala yoyote: nani kaandika, lini, katoa wapi, na nani mwingine kathibitisha? Yaelekeze kwa kile kifurushi. Nani anakitunza? Kiliwekwa lini? Nyaraka za Hugging Face zenyewe zinasema usakinishe nini? (Zinasema huggingface_hub.) Dakika tano tu, uongo umeanikwa. Wala mkutubi hakuhitaji kujua Python.

Tena wakutubi wetu hawajakaa bure. Tangu 2003 maktaba za Kenya zimeungana katika KLISC, zikichanga fedha kulipia majarida ya kitaaluma ya mtandaoni. Mali ipo. Halafu mwanafunzi anamaliza mradi wake kwa blogu tatu (kama hii yangu, hehe) na video moja.

Lawama nazigawa. Mara nyingi maktaba hufundisha wiki ya kwanza, wakati mwanafunzi bado anatafuta chumba cha kupanga: rafu ndizo hizi, kadi ndiyo hii, msile humu ndani. Nani atakumbuka? Lakini idara za kompyuta ndizo zenye kosa kubwa zaidi, maana ratiba ni yao. Na umbali si kisingizio. Kutoka Chiromo hadi Maktaba ya Jomo Kenyatta, bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi, ni mwendo wa miguu. Hata mkutubi akiamua kuja yeye, hahitaji matatu!

Mpeni vipindi vitatu ndani ya somo la mradi wa mwaka wa mwisho, wakati ambapo mwanafunzi ana swali lake mwenyewe linalomnyima usingizi. Kwa kila kifurushi na kila makala aliyotumia, aeleze alithibitisha vipi. Na zitolewe alama, kwa sababu bila alama sote twajua hakuna atakayehudhuria.