Jina Lake Lisifutwe

Salamu za redio mnazijua. Tangu enzi za Sauti ya Kenya, iliyokuja kuwa KBC mwaka 1989, wasikilizaji walijaza kadi, mtangazaji akasoma majina, na watu wa Malindi, Kilifi na Mariakani wakajuana kwa masikio tu. Mamangu yumo katika kundi la wasalimiaji hao. Siku hizi ni simu badala ya kadi.

Mwaka huu walichanga wamnunulie mwenzao anayeolewa doti za leso na sufuria. Kabla ya harusi, mama aliyetoa wazo hilo akafariki. Zogo likaanza! Wengine ati pesa zote ziende matangani. Wengine ati jina lake litolewe kwenye orodha, maiti hachangi harusi.

Mimi napinga. Rambirambi ichangwe mbali, hata shilingi 50 kila mtu. Yule mama alitoa zake akiwa hai, mbona afutwe? Wengi wao uso wake hawakuuona hata siku moja, jina ndilo walilomjua nalo. Basi siku ya harusi lisomwe la kwanza. Leso ziko tayari, mama kaziweka sandukuni.