Kabla ya kumcheka mtoto



Juma lililopita, wakati wa mapumziko, wavulana wa darasa langu walikuwa wanacheka sana. Mmoja alikuwa anaigiza mchezaji wa Zaire wa mwaka 1974: Brazil wamepewa mpira wa adhabu, yeye anatoka mbio na kuupiga mpira mbali. Wenzake wakasema, “Hakujua sheria!” Dunia nzima imekicheka kisa hicho miaka mingi. Tuliporudi darasani nikawasimulia yote.

Timu ile ilikuwa na nguvu. Nchi yetu ilikuwa imechukua Kombe la Afrika mwaka 1968 kule Addis Ababa, kwa kuifunga Ghana 1-0. Mwezi wa tatu 1974 ikalichukua tena kule Misri, mbele ya Zambia. Ndaye Mulamba peke yake alifunga mabao 9. Kisha Léopards wakaenda Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi. Kabla yao, hakuna timu ya kusini mwa Sahara iliyokuwa imefika huko.

Walifungwa na Scotland 2-0. Halafu, kama wachezaji walivyosimulia baadaye, walisikia kwamba pesa walizoahidiwa hawatazipata. Mioyo ikavunjika. Yugoslavia ikawafunga 9-0. Mwepu Ilunga, yule yule aliyeupiga mpira mbali, alieleza kwamba walinzi wa Mobutu walikuja kuwatisha: Brazil wakifunga mabao 4, hakuna atakayerudi nyumbani. Alisema sheria alizijua vizuri. Mechi ilikwisha 3-0.

Darasa likanyamaza. Yule aliyekuwa anaigiza akauliza, “Mwalimu, siku ile hakuna aliyemuuliza?” Watu walicheka kwanza. Maelezo yake yalikuja miaka mingi baadaye.

Mwezi wa pili 2024, huko Abidjan, kabla ya nusu-fainali na Côte d'Ivoire, Léopards waliziba mdomo kwa mkono mmoja wakati wa wimbo wa taifa, na kwa mkono wa pili wakaweka vidole viwili kichwani kama bunduki. Walikuwa wanasema juu ya mauaji ya huku kwetu mashariki, na kunyamaza kwa dunia. Walifungwa 1-0, lakini Beni na Butembo tuliwaelewa bila mkalimani.

Mama, katika nyumba zetu pia kuna watoto walioziba mdomo. Tangu mauaji yalipoanza Beni mwaka 2014, tumepokea shuleni watoto wengi waliokimbia vijiji. Mmoja anasahau herufi alizokuwa anazijua. Mwingine anapigana bila sababu, au anakojoa kitandani akiwa na miaka 10. Sisi tunamwita mjinga, kichwa ngumu, tunamlinganisha na mtoto wa jirani.

Juma hili tujaribu hivi. Mtoto akishindwa, tusimcheke mbele ya wenzake. Mkae naye mkichambua maharagwe au mkimenya mihogo, umuulize polepole: “Kuna nini, mwanangu?” Asipojibu, usimlazimishe, uulize tena siku nyingine. Akisema jambo zito, umsikilize mpaka mwisho bila kumgombeza, kisha uje utuambie sisi walimu, ili tusimwadhibu kwa mzigo ambao hatuuoni.

Tuonane juma lijalo.