Diski ikikataa kufunguka, musibonyeze "Formater"

Wababa na wamama wa migodi, leo tunaomba tuzungumuze juu ya kitu kidogo chenye kulala mu kabati ya nyumba nyingi: diski ya inje, ile tunachomeka ku ordinatere na kuweka ndani yake foto, video na mikanda ya familia.

Juzi tulikaa Katuba na mama mumoja mujane. Bwana yake alitumika miaka mingi mu mugodi, na alikuwa mutu wa kupanga mambo. Mbele ya kufa, alipeleka mikanda yake yote kwa watu wa fotokopi, wakaiingiza mu ordinatere: cheti cha kazi, karatasi za mushahara, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Byote bikawekwa mu diski moja, pamoja na foto za arusi ya binti. Kisha kilio cha muzee mwenyewe, video yake nayo ikaingia mule mule. Mikanda ya kweli ikabaki mu sanduku. Mvua ikatoboa paa, muchwa ukamaliza kazi. Hakuna mutu alilia. "Byote biko mu diski," ndivyo walikuwa wanasema.

Siku walilomba dossier ya pansion, mutoto akachomeka diski. Dirisha likatoka: "Vous devez formater le disque dans le lecteur E: avant de pouvoir l'utiliser. Voulez-vous le formater?" Wakaita kijana wa kartie mwenye kutengeneza ma-ordinatere. Akabonyeza. Diski ikafunguka nyeupe, hakuna kitu ndani. Kijana akalomba makuta yake: "Mama, sasa inatumika."

Ni kweli, ilikuwa inatumika. Lakini mama hakulomba diski yenye kutumika. Alilomba miaka ya bwana yake.

Sisi tunasema hivi: lile dirisha halitoi amri, linauliza tu. Na jibu la kwanza ni "Annuler", kila mara, hata kama mwenye kukaa mbele ya ordinatere ni fundi wa kweli. Ordinatere inaposema "formater", maana yake ni hii: "Mimi sielewi kitu iko ndani, unataka nikupangie upya, kama diski mupya?" Haisemi kama mule ndani hamuna kitu. Ni kama mutu amepoteza ramani ya mugodi. Galeri ziko, madini iko, lakini njia haionekane. Je, mutu mwenye akili anafukia mugodi juu ramani imepotea?

Ninyi watu wa mugodi munajua jambo hili kuliko sisi. Mashini ikisimama, hakuna mwenye kutia mukono kwanza. Munakata umeme, munaweka kufuli, munaandika jina, ndipo munatafuta ubaya uko wapi. Tunaita ile "consignation", na imeokoa mikono mingi. Mbona ku nyumba tunaisahau?

Basi, mufwate mupango. Muanze na kitu cha bei ndogo: kamba. Diski ndogo za mufuko hazina umeme wazo. Zinakula umeme wa ordinatere. Tundu ya USB 2 inaahidi miliampere 500, ile ya USB 3, mara nyingi yenye rangi ya bluu, 900. Kamba ikichoka, ao tundu ikiwa zaifu, taa inawaka lakini diski haina nguvu ya kuzunguka muzuri. Mubadilishe kamba. Mubadilishe tundu, kama ni ordinatere ya meza, mutumie tundu za nyuma. Mujaribu ordinatere ya jirani. Diski kubwa zenye kutumia adapteri yazo, mujaribu adapteri ingine ya volti zile zile. Kuko diski wanatupa, kumbe ni kamba tu iliyokufa.

Kisha musikilize. Diski nzima inazunguka polepole, kama upepo. Kama munasikia ta-ta-ta, ta-ta-ta, na kamba ni ya muzuri, muchomoe mara moja. Musiipige, musiitie mu frigo, na zaidi, musiifungue. Kichwa chenye kusoma kinaruka juu ya sahani karibu sana, na chembe moja ya vumbi ni kubwa kuliko ile nafasi. Munajua vumbi ya Lubumbashi wakati wa kipwa. Diski iliyofunguliwa pa meza ya barabarani haina dawa tena. Kila dakika diski yenye kulia inazunguka, inazidi kujiharibu.

Kama hakuna makelele, muangalie mu "Gestion des disques". Pengine diski iko pale lakini imekosa herufi yake. Kuipa herufi hakufute kitu. Pengine munaona neno "RAW" ao "Non alloué": ramani ndiyo imeharibika. Hapo, hapana "Formater", hapana "Initialiser". Pengine diski ni nzima kabisa, lakini mupiga foto wa arusi aliiandaa ku Mac yake. Windows haijue kusoma ile mupango, inaomba kuifuta. Muichomeke ku Mac, byote binaonekana. Na kama wanaandika "Accès refusé", dossier iko, ila ordinatere ya zamani ndiyo ilikuwa na haki yake. Fundi anaweza kurudisha ile haki bila kufuta hata foto moja.

Kuko pia ule uchawi tunaoujua wote: munafungua diski, dossier zote zimegeuka "raccourcis". Ile ni virusi inayotembea mu klé za USB, kutoka sibere moja kwenda ingine. Mara nyingi mikanda haikuibiwa, imefichwa tu. Kwanza musafishe ordinatere, kisha dossier zilizofichwa zinatolewa inje. Kuformata hapa ni kuchoma nyumba juu ya panya.

Sasa kwa ninyi vijana mwenye kutengeneza. Hatuwatukane. Munafanya kazi na vyombo bidogo, umeme unakatika katikati ya kazi, na kila mutu anataka diski yake saa ile ile. Lakini tunaomba neno moja mbele ya kugusa: "Mama, mule ndani muko nini?" Na neno la pili, kama hamuwezi: "Sijui." Mutu anayesema hajui ameokoa dossier. Kisha mutoe kopi ya diski nzima mbele ya kuitengeneza. Hata "chkdsk", ile munapenda sana, inaandika juu ya diski wakati inaitengeneza. Ku diski yenye kuumwa inaweza kumaliza mugonjwa. Kopi kwanza, dawa nyuma. Na sisi wenye diski, tukubali kulipa saa za ile kopi. Tukilipa paka mutu wa haraka, tutapata paka kazi ya haraka.

Mama wa Katuba alikuwa na bahati ya nusu. Kijana alifanya formatage ya haraka, ile inayofuta ramani na kuacha vingine pale pale. Ile ndefu ingefuta kila kitu. Na hakuna mutu alikuwa ameandika kitu kipya juu yake. Fundi mwengine akatumia PhotoRec, programu ya bure, akatoa vitu na kuviweka ku diski ingine, hapana ku ile ile. Cheti cha kazi kilirudi. Foto nyingi zilirudi, bila majina, zimechanganyika; watoto wanazipanga mpaka leo. Karatasi nyingi za mushahara hazikurudi. Na video ya kilio cha muzee inafika pa wimbo wa pili, inakatika.

Kwa watu wa migodi, karatasi hapana kitu cha kuchezea. Mu 2003, wakati wa "Opération départs volontaires", watumishi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka ku kazi, na miaka mingi nyuma yake wengi walikuwa wangali wanadai hesabu yao. Mu mambo kama yale, mwenye karatasi ndiye mwenye sauti. Mujane asiye na cheti anasikia tu, "Mama, rudia kesho."

Tunajua munachotaka kusema: diski mbili ni makuta, na makuta hiyo ni mufuko wa unga. Ni kweli. Lakini muangalie uzito. Kinachokula nafasi ni video. Mikanda ya kazi ya maisha nzima, hata kurasa mia mbili, inaingia mu klé ndogo kabisa na nafasi inabaki. Muitoe kopi mara mbili: klé moja ku nyumba, ingine kwa ndugu wa kartie ingine, ku Ruashi ao Kipushi, mbali na mwizi na moto ule ule. Na mara moja ku mwaka, muzifungue zote mbili muone kama zinasoma. Mukanda wenyewe, ule wenye muhuri, musiutupe hata mumeuingiza mu ordinatere. Muutie mu plastiki, muutundike juu, mbali na maji. Masendika na mutuelle nazo zingeweza kuchunga kopi za wanachama wazo, kwa ruhusa yao. Kazi hii haiombe makuta mingi, inaomba mutu wa kuaminika na kabati yenye kufuli.

Kuko mufano hapa kwetu. Mu 1965, watu waliokuwa maboyi wa wazungu wa Élisabethville waliandikisha historia ya muji huu mu Kiswahili chetu, kwa mukono wa André Yav. Haikutoka ku kiwanda kikubwa cha vitabu. Ilikuwa karatasi za kupigwa mashini. Lakini kopi zake zilitembea, moja ikafika kwa Johannes Fabian, na mu 1990 ikatoka kuwa kitabu. Kama ingebaki karatasi moja mu sanduku moja, leo muchwa peke yake ungejua ile historia.

Basi jioni ya leo, mbele ya kulala, muulizane ku nyumba: mikanda ya baba iko pa ngapi? Kama jibu ni "pamoja tu", kesho asubui mutafute klé ya pili. Na siku dirisha lile litatoka, mukono musitetemeke: "Annuler".