STAA ANAYEUZA MHURI WA MAREKANI KWA LAKI NA NUSU ANAUZA NINI HASA?

Kuna mrembo mmoja wa mjini, jina kapuni. Wafuasi kibao, kila Ijumaa usiku yuko laivu. Zamani alikuwa anauza losheni, siku hizi kahamia kwenye "anwani ya Marekani". Toa laki na nusu, tuma picha ya pasipoti na sahihi yako WhatsApp, kesho yake unaletewa fomu imeshapigwa mhuri. Hakuna usumbufu, hakuna video, hakuna maswali. Watu wanamwaga makopakopa hadi skrini haionekani.

Hapo kwenye "hakuna video" ndipo pa kushtukia.

Maana fomu yenyewe ipo, wala si hadithi. Ni PS Form 1583 ya Posta ya Marekani, USPS. Kupitia fomu hiyo unaipa kampuni binafsi ruhusa ya kupokea barua na mizigo yako kwa niaba yako. Vijana wa Dar na Nairobi wanaihitaji kweli: kuna maduka ya mtandaoni hayatumi mzigo nje ya Marekani, na wengine wamesajili kampuni Delaware au Wyoming huku wamekaa zao Sinza, wanatafuta pa kupokelea barua. Bila fomu hiyo wakala haruhusiwi kukupokelea hata bahasha.

Sasa sharti lake. Lazima usaini, au ukiri kwamba sahihi ni yako, mbele ya notari au mbele ya wakala mwenyewe wa barua. Ana kwa ana, au kwa video ya moja kwa moja, sauti na picha, muda uleule. Unaonyesha vitambulisho viwili: kimoja chenye picha, kama pasipoti, kingine kinachothibitisha unapoishi, mfano mkataba wa pango. Cheti cha kuzaliwa na kadi ya mkopo havipokelewi. Na fomu ina onyo kabisa kwamba taarifa za uongo zinaweza kukupeleka kwenye faini au jela. Kukupeleka wewe mwenye jina, siyo aliyekuuzia mhuri.

Tatizo mjini watu wamezoea mhuri wa dirishani. Unaacha karatasi kwa sekretari wa wakili, unaenda kula chipsi, ukirudi mhuri umeshatua na wakili hata sura yako haijui. Ndiyo maana mtu akisikia "notari wa mtandaoni" anadhani ni mhuri uleule ila unakuja kwa PDF. Kumbe hela ile unamlipa notari akuone, alinganishe sura yako na pasipoti, akuulize kama umesaini kwa hiari yako. Jimbo la Virginia ndilo lililotangulia kuruhusu kazi hii kwa video, mwaka 2012, na ada ya juu ambayo notari wa huko anaweza kutoza kisheria kwa huduma hiyo ni dola 25. Mteja anaweza kuwa popote duniani. Sasa huyo wa mrembo amemwona nani, picha ya WhatsApp?

Mashabiki wake wanamtetea: eti anasaidia watu, kwani ukienda mwenyewe unakwama. Hapo wana hoja, tusiwaonee. Majukwaa mengi ya notari yanampima mtu kwa maswali yanayotoka kwenye historia yake ya mikopo Marekani. Umewahi kukopa gari kwa benki gani, umeishi mtaa upi. Mtu wa Kinondoni atajibu nini? Yapo yanayokubali pasipoti ya nje na kupima sura kwa kamera, ila lazima uyatafute. Lakini rudi kwenye sharti: wakala wa barua naye anaruhusiwa kushuhudia kwa video. Yaani ukimpata wakala anayefanya hivyo, notari humhitaji kabisa. Hilo mrembo hajawahi kulisema laivu hata siku moja.

Muulize kijana mmoja wa Kariakoo, muuza raba. Alilipa, akapewa anwani, akaiandika kwenye kampuni yake. Barua ya namba ya kodi kutoka IRS ilipofika, hakuiona. Kwenye fomu, sehemu ya simu na barua pepe, wajanja walikuwa wamejaza za kwao. Kwa kampuni ya barua, mwenye sanduku ni wao. Akaambiwa aongeze laki mbili "za kuachia mzigo". Alipowaandikia wakala moja kwa moja, wakamwomba aje kwenye video athibitishe sahihi, na sahihi iliyopo kwenye fomu haikufanana na yake. Sanduku likafungwa.

Na usidhani unahama kirahisi. Ukiachana na wakala wa aina hiyo, Posta ya Marekani haikuhamishii barua kwa ile fomu ya kawaida ya kubadili anwani. Unabaki kumtegemea wakala akutumie. Kama wakala anamjua mtu mwingine kuwa ndiye wewe, imekula kwako. Barua za kodi, kadi za benki, nyaraka za kampuni, zote zinatua kwa mtu uliyemfahamu kwenye laivu.

Bado pasipoti. Picha ya pasipoti na sahihi vikae pamoja kwenye simu ya msaidizi wa staa, humo kwenye WhatsApp, na bado mtu analala usingizi! Kwa vitu hivyo viwili anaweza kukujazia fomu nyingine hata kumi.

Ijumaa iliyopita alikuwa laivu tena. Nafasi 10 zimebaki, wanaolipa usiku huohuo wanapunguziwa hadi laki na ishirini. Mdau mmoja akauliza, kwa adabu kabisa, jina la notari na jimbo analofanyia kazi. Akapigwa bloku kabla makopakopa hayajaisha kupanda.