Waholanzi wana kipindi cha magari, sisi tuna mita iliyorudishwa nyuma

Leo naweka programu kando kidogo, nizungumzie magari. (Mwishowe nitarudi kwenye programu, mwanijua.)

Juzi nilitazama vipande vya RTL Autowereld, kipindi cha magari cha Uholanzi kilichorushwa miaka mingi kwenye televisheni. Kiholanzi sikijui, lakini picha zinajieleza: gari jipya, barabara safi, mtangazaji anasifia usukani. Nikacheka peke yangu. Hapa Shimanzi nikichungulia dirishani naona magari yakitoka bandari ya Kilindini, bado hayana namba za Kenya, na mengi yametumika Japani kabla hayajapanda meli. Kiwango cha KEBS, KS 1515, kinaruhusu gari lisilozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Sasa sifa za gari jipya zanisaidia nini?

Ami yangu mwaka jana alinunua gari, mita ikisoma kilomita 68,000. Miezi minne baadaye giaboksi ikafa. Tulipopata nakala ya cheti cha Japani cha kuuzia gari nje, kilomita zilikuwa 141,000! Akiba yake yote ikaishia gereji, na mpaka leo anapanda matatu.

Hapa ndipo mimi mwandika programu naingia. Kilomita za gari la kisasa ni data tu, imehifadhiwa kwenye chipu nyuma ya dashibodi. Mwenye kifaa anaifuta na kuandika nyingine kwa dakika chache, na mita haikumbuki nani aliibadilisha wala lini. Data inayokaa mahali pamoja, tena mikononi mwa muuzaji, si ushahidi jamani.

Waholanzi walilitambua hilo. Tangu 2014 mamlaka yao ya magari, RDW, ndiyo inayotunza rejista ya kilomita, na kurudisha mita nyuma ni kosa la jinai. Gereji hutuma kilomita gari linapohudumiwa. Mnunuzi anaandika namba ya gari mtandaoni, anaambiwa kama hesabu inaingia akilini au la. Si teknolojia ya ajabu. Ni jedwali moja: gari, tarehe, kilomita.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tusiige kipindi chao, tuige rejista yao. Gari linapoingia Kilindini, kilomita za cheti cha Japani ziandikwe pamoja na namba ya chesisi, na kila mtu aweze kuzisoma bure. Muuzaji mwaminifu hana cha kupoteza, bali bei yake itaaminika.

Mpaka hapo, ukienda kununua, omba cheti hicho kabla hujatoa hata shilingi, ulinganishe chesisi na kilomita mwenyewe. Ukiambiwa kimepotea, nawe potea.

Nawasilisha.