Kamera iliache tupu jukwaa lililo tupu

Our Town, tamthilia ya Mmarekani Thornton Wilder iliyoigizwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938, haina mandhari ya kujengwa. Zipo meza mbili, viti na ngazi mbili, basi. Maisha ya Grover's Corners, mji mdogo wa kubuni jimboni New Hampshire, huchezwa kwa mikono mitupu: kina mama hupika bila sufuria, muuza maziwa huja na farasi asiyeonekana, na vijana wawili wanaoongea kutoka madirishani wamepanda ngazi tu. Wapo wanaoshikilia kwamba mchezo kama huu ukirekodiwa sharti ujazwe nyumba na miti, kwa kuwa kamera inataka vitu vya kuonyesha. Siafiki, na ushahidi wangu ni filamu iliyofanya hivyo hasa.

Mwaka 1940 mwongozaji Sam Wood aliupa mji ule nyumba na barabara. Emily, mmoja wa wale vijana wawili wa madirishani, ambaye jukwaani hufariki kwa uzazi, akaachwa hai. Kifo chake kikageuzwa ndoto. Ni rahisi kuilaumu Hollywood kwa woga, lakini Wilder mwenyewe aliridhia. Aliona kwamba jukwaani wahusika wake ni nusu watu, nusu mfano, ilhali filamu huwasogeza karibu mno na mtazamaji, hata kumuua Emily kungekuwa ukatili. Alisema kweli, ila lenzi haikuwa peke yake. Ukishampa Emily jiko, pazia na kitanda, amekuwa binti wa nyumba fulani, na msiba wake ni wa nyumba ile. Bila vitu hivyo ni binti wa yeyote anayetazama. Naamini fanicha ndiyo iliyoubadilisha mwisho.

Nitaambiwa mtu mwenye rimoti mkononi hatalivumilia jukwaa tupu. Mbona mwaka 2003 televisheni ya Marekani iliurusha mchezo huu, Paul Newman akiwa msimulizi, jukwaa likiwa lilelile na Emily akifa? Kamera hapo inampa mtazamaji asichokipata aliyeketi nyuma ukumbini: uso. Emily, akiwa amekwisha kufa, anaporudi katika siku aliyotimiza miaka 12, akamkuta mama yake ameshughulika na kifungua kinywa asimtazame sawasawa, ukaribu aliouhofia Wilder ndio unaotufaa, maana hakuna sahani ya kuliiba jicho. Wengine, najua, watalipenda jukwaa tupu kwa urahisi wa bei. Wajue kwamba mwigizaji akikitua kikombe kisichokuwepo mahali tofauti na alipokichukulia, kamera itamuumbua.