MUHURI SI USTAARABU

Wako watu hadi leo waaminio kwamba ustaarabu hukaa ofisini na ushenzi hukaa porini. Imani hii tumerithi kwa wakoloni. Wajerumani, waliojenga boma la Biharamulo, walituita washenzi. Na katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, ni wao waliochoma mashamba na maghala ya Kusini mpaka njaa ikaua watu kwa maelfu.

Mwaka 1954 Mwingereza William Golding alitoa hadithi iitwayo Lord of the Flies. Wavulana wa shule wametupwa peke yao kisiwani. Wanamchagua Ralph awaongoze, naye ataka moto wa ishara usizimike na kila asemaye asikilizwe. Mshindani wake, Jack, ana nyama. Mwenye nyama akapata wafuasi. Mwenye hoja akawindwa kama nguruwe. Wengi husema: watoto wale walikosa wakubwa, ndiyo maana wakawa washenzi. Sisi watu wa visiwa twasema sivyo, na ushahidi wetu uko Ngara.

Tarehe 28 Aprili 1994 lilianza wimbi la watu kuvuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Kwa muda wa siku moja tu walifika wapatao 250,000, wakatua Benaco, wilayani Ngara. Je, hawa walikosa wakubwa? La hasha! Walikuja nao. Alikuwamo Sylvestre Gacumbitsi, mkuu wa komuni ya Rusumo, aliyeongoza mauaji ya Watutsi waliokimbilia kanisa la Nyarubuye katikati ya mwezi ule ule. Huyu hakutoka porini. Alikuwa na ofisi, muhuri na polisi.

Alikuwako pia Jean-Baptiste Gatete, aliyepata kuwa mkuu wa komuni ya Murambi. Mwezi wa Juni ilipotakiwa aondoke kambini, maelfu ya watu waliwazingira watoa misaada kwa vitisho. Nguvu hiyo aliipata wapi? Hapo mwanzo chakula cha msaada kiligawiwa kwa kufuata komuni za Rwanda, kupitia mikono ya wakubwa wale wale. Mwenye kushika upawa ndiye aliyeshika watu. Nyama ya Jack hiyo, ndugu zangu, ila safari hii ni mahindi na maharage!

Na ustaarabu ulikuwa wapi? Ulikuwa kwa wakulima wa Ngara, Wahangaza na Washubi, wasio na muhuri wala cheo, ambao miti yao ilikatwa kuni na maji yao yakagombewa, na bado wakaishi na wageni wao. Ulikuwa pia Arusha, mahakamani, ambako mtuhumiwa alipewa wakili na kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Gacumbitsi alikamatwa mwaka 2001 kambini mkoani Kigoma. Mwaka 2004 akahukumiwa miaka 30, na rufani ya 2006 ikaifanya kifungo cha maisha. Gatete alipewa kifungo cha maisha mwaka 2011. Rufani ya 2012 ikakipunguza kuwa miaka 40.

Basi, ndugu wanachama, msimpime kiongozi kwa suti yake wala kwa Kizungu chake. Mpeni upawa, kisha mtazame anavyompakulia asiyempigia kura. Hapo ndipo mtakapojua nani mstaarabu na nani mshenzi.